Kwa nini bendi kongwe za fanki hupata shida kurudi na albamu mpya

Jalada la albamu aliyoitoa mwanamuziki wa fanki wa Marekani, Sly Stone, mwishoni mwa mwaka 1976 linamwonyesha yeye peke yake, amejitwisha vyombo vya bendi nzima. Albamu yenyewe inaitwa Heard Ya Missed Me, Well I'm Back: nasikia mlinikosa, basi nimerudi. Jina la bendi ni lile lile la enzi za umaarufu, Sly and the Family Stone. Familia yenyewe ilikuwa imeshasambaratika. Kati ya wale waliotikisa jukwaa la tamasha la Woodstock alfajiri ya tarehe 17 Agosti 1969, aliyebaki naye studio alikuwa mpuliza tarumbeta Cynthia Robinson tu. Albamu haikuuza, na lebo ya Epic, kampuni iliyokuwa ikitoa rekodi zake, ikaachana naye.

Tangu wakati huo bendi nyingi za fanki na soul, miziki ya Wamarekani weusi, zimejaribu safari hiyo hiyo. Zinakaa kimya miaka kumi, ishirini au zaidi, halafu linatoka tangazo kwamba zimerudi na nyimbo mpya. Mashabiki tunafurahi, tunasikiliza mara mbili, kisha tunarudi kwenye rekodi za 1971. Mara chache sana mambo huenda vizuri kabisa.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni uzee, au dawa za kulevya, au ladha ya wasikilizaji kubadilika. Yote yana ukweli wake, na kwa Sly dawa za kulevya zilichangia sana. Hata hivyo hayaelezi kwa nini mpiga besi mwenye miaka 70 anaweza kupanda jukwaani leo akapiga vizuri kuliko kijana, halafu albamu mpya ya bendi yake ikawa baridi. Nadhani tatizo linaanzia mahali pengine. Tunaposema "bendi" tunakusanya vitu vitatu katika neno moja: jina, nyimbo, na namna watu fulani wanavyopiga pamoja. Bendi ikiwa changa vitu hivyo havitengani, wala hakuna anayefikiria kuvitenganisha. Miaka ikipita kila kimoja kinashika njia yake, na kinaweza kuishia mikononi mwa mtu tofauti. Mikataba na sheria hulinda viwili vya kwanza. Cha tatu hakilindwi na yeyote, nacho ndicho kinachoifanya fanki iwe fanki.

Tuanze na hicho cha tatu, kwa sababu wengi hukipuuza.

Nyimbo nyingi za pop unaweza kuzipiga kwa gitaa moja ukiwa umekaa kitandani, na wimbo utabaki kuwa wimbo. Umebebwa na sauti ya mwimbaji na mfululizo wa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Jaribu kufanya hivyo na wimbo wa fanki wa mwimbaji James Brown wa 1967 au 1970 uone. Mara nyingi kodi ni moja au mbili, na maneno ni machache. Kinachobaki ni mpangilio wa nani anapiga lini na nani ananyamaza lini. Gitaa linakwaruza mara mbili na kuacha nafasi, besi inaijaza nusu ya nafasi hiyo, dramu inaikata, na pembe, yaani tarumbeta na saksafoni, zinaingia kwa sauti fupi kama kofi. Wote wanakutana kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, ambalo Brown aliliita "the One" na kulisimamia kwa ukali. Wimbo umo ndani ya zile nafasi. Ukibadilisha mtu mmoja, nafasi zote zinahama.

Larry Graham anaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Kabla ya kujiunga na Sly, alikuwa kijana anayepiga na mama yake, mpiga piano na mwimbaji Dell Graham, katika kumbi za eneo la San Francisco. Larry alikuwa mpiga gitaa. Alishika besi kwa sababu kinanda alichokuwa akipigia noti za chini kwa miguu kiliharibika. Baadaye mama yake akaamua kuendelea bila mpiga dramu, wakabaki wawili. Ili kuziba pengo, Larry akaanza kuzigonga nyuzi nene kwa kidole gumba zitoe mshindo wa dramu kubwa, na kuzivuta nyuzi nyembamba kwa kidole kingine ziachie mlio mkavu wa dramu ndogo. Hivyo ndivyo mtindo wa kugonga besi ulivyozaliwa. Sikiliza Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin), kibao cha Sly and the Family Stone kilichoshika nafasi ya kwanza Marekani mapema 1970, na usifuate kingine chochote ila besi. Utasikia mtu aliyezoea kuwa dramu na besi kwa pamoja, ambaye sasa amepata mpiga dramu wa kweli, Greg Errico, na hawagongani. Errico anamwachia nafasi, naye anamrudishia.

Hilo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Graham alipoondoka mwaka 1972, mtindo wake uliweza kuigwa, na uliigwa na dunia nzima. Yale mazungumzo ya wawili hao ndiyo yaliyokwisha. Kwa kweli Errico alikuwa ameshaondoka mwaka mmoja kabla, na Sly alikuwa ameanza kutumia mashine ya dramu. Family Affair, kibao kikubwa cha mwisho wa 1971, kimejengwa juu ya mashine hiyo, huku Billy Preston akipiga piano ya umeme. Ni wimbo wa ajabu, na albamu yake ni miongoni mwa rekodi zilizo bora za muziki wa Marekani. Lakini tayari bendi ilikuwa inageuka kuwa mtu mmoja mwenye mikanda mingi studio. Fresh ya 1973 bado ilikuwa nzuri sana, ikiwa na Andy Newmark kwenye dramu na Rustee Allen kwenye besi. Mwelekeo, hata hivyo, ulikuwa umeshaonekana. Januari 1975 walipanda jukwaa la Radio City Music Hall mjini New York mbele ya viti vingi vitupu, na kundi likavunjika hapo.

Kuna hoja dhidi yangu na inastahili kujibiwa. Machi 1970 bendi ya James Brown iligoma ikidai malipo bora kabla ya shoo mjini Columbus, jimbo la Georgia. Brown hakubembeleza. Akatuma ndege Cincinnati ikawachukue vijana, wakiwamo mpiga besi Bootsy Collins na kaka yake Catfish, mpiga gitaa, wakapanda jukwaani karibu papo hapo. Mwezi uliofuata wakarekodi wimbo wa Sex Machine. Kwa hiyo bendi inaweza kubadilishwa yote na muziki ukawaka? Inaweza, ikiwa kuna kiongozi anayewafundisha wageni kila siku, anayewatoza faini wakikosea, na anayewapandisha jukwaani usiku baada ya usiku. Bootsy mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi Brown alivyomsisitizia lile pigo la kwanza. Brown alibadilisha watu bila kusimamisha kazi hata wiki moja. Bendi inayorudi baada ya kimya cha miaka mingi iko katika hali tofauti kabisa: watu wamebadilika na mazoea ya kupiga pamoja pia yamekatika.

Sasa tuje kwenye jina. Bendi ya War, ya Los Angeles, inatosha kueleza suala zima. Albamu yao The World Is a Ghetto ilitajwa na jarida la Billboard kuwa iliyouza zaidi Marekani mwaka 1973. Kibao cha Low Rider kikafuata 1975. Mwaka 1994 walitoa Peace Sign, wakitaka kurudi sokoni, na mafanikio hayakuja. Miaka miwili baadaye wanamuziki kadhaa wa asili walitaka kuachana na prodyuza wao wa muda mrefu, Jerry Goldstein. Wakakuta kwamba jina War si lao. Lilikuwa alama ya biashara iliyomilikiwa na upande wa prodyuza. Howard Scott, Lee Oskar, Harold Brown na B.B. Dickerson wakalazimika kupiga kwa jina jingine, Lowrider Band, huku mpiga kinanda Lonnie Jordan akibaki War. Mwaka 2014 ilitoka albamu mpya iitwayo Evolutionary, na kwenye jalada lilikuwa jina War. Kati ya wale wa mwanzo, aliyekuwa ndani ni Jordan peke yake.

Fikiria msikilizaji anayeona jina hilo. Anadhani amepata bendi, kumbe amepata jina pamoja na mtu mmoja wa zamani. Wanne waliokuwa wakipiga pamoja tangu ujana walikuwa kwingine, kwenye jina lisilojulikana na wengi. Simlaumu Jordan, naye ana haki ya kufanya kazi yake ya maisha. Ninachosema ni kwamba alama ya biashara inalinda maandishi ya jalada na hailindi hata kidogo kile kinachosikika.

Nyimbo nazo zina mkanganyiko wao, na hapa ndipo pesa zinapoamua mambo mengi ambayo sisi wasikilizaji tunayahesabu kuwa ya sanaa. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ule mkanda halisi ambao watu wa studio huuita masta. Katika miaka ya 1960 na 1970 masta karibu kila mara ilikuwa ya lebo. Utunzi ulikuwa wa aliyeandikwa jina lake, na kwa bendi nyingi za fanki aliyeandikwa ni kiongozi. Mpiga dramu aliyebuni mdundo hakuhesabiwa kuwa mtunzi. Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga kile kipande cha dramu ndani ya Funky Drummer ya James Brown, rekodi ya 1969 iliyotoka 1970. Kilikatwa na kutumiwa kwenye nyimbo nyingi mno za hip hop, na Stubblefield hakuwa na jina kwenye utunzi wala hisa kwenye masta. Alifariki 2017.

Kwa hiyo bendi kongwe inapoingia studio kurekodi albamu ya kurudi, mara nyingi inashindana na kivuli chake kilicho mikononi mwa mwingine. Iliwahi kutokea waziwazi. Mwaka 1979 Sly alikuwa amehamia Warner Bros. na kutoa Back on the Right Track, na safari hii Freddie na Rose, ndugu zake, pamoja na Cynthia walisikika tena. Mwaka huo huo Epic, waliobaki na masta za zamani, wakatoa Ten Years Too Soon: nyimbo za Family Stone za miaka ya 1960 zilizofanyiwa ukarabati ziwe za disko. Duka lilikuwa na Sly mpya na Sly wa zamani aliyevalishwa nguo mpya, kila mmoja kwenye lebo yake. Hakuna aliyevunja sheria. Ndivyo mikataba ilivyokuwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sly aliuza pia haki za utunzi wa nyimbo zake, na aliyezinunua ni Michael Jackson. Jaribio la mwisho la albamu katika kipindi hicho, Ain't But the One Way, lilianza kama kazi ya pamoja na George Clinton wa kundi la fanki la Parliament-Funkadelic. Clinton akagombana na Warner, Sly akatoweka, na prodyuza Stewart Levine akaachiwa vipande ili aunganishe albamu. Ukiisikiliza leo unasikia mawazo mazuri yanayohitaji watu wa kuyamalizia.

Mkanganyiko huu wa masta unaeleza jambo linalowaudhi mashabiki wengi: kwa nini wakongwe hurekodi upya nyimbo zao za zamani badala ya kuandika mpya. Albamu ya Sly ya 2011, I'm Back! Family & Friends, ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Vibao vya zamani vilirudiwa na wageni kama Jeff Beck, Ray Manzarek na Bootsy Collins, na nyimbo mpya zilikuwa chache sana. Ilipokewa vibaya, nami siwezi kuitetea kama muziki. Kibiashara, hata hivyo, kurekodi upya kunazaa masta mpya. Kampuni ya filamu au ya matangazo inayotaka kutumia wimbo inaweza kuchukua toleo jipya, na fedha za masta zikaenda kwa mwenye rekodi mpya badala ya lebo ya zamani. Sheria ya Marekani inampa mtunzi nafasi ya kurudishiwa haki alizotoa kwa mkataba wa kuanzia 1978, baada ya miaka 35, lakini enzi ya dhahabu ya fanki ilianza miaka kumi kabla ya hapo. Rekodi zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa hata chini ya ulinzi wa hakimiliki wa shirikisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2018. Mtu aliyerekodi 1969 alikuwa na milango michache sana ya kuingilia.

Njia nyingine ni kuwaita vijana. Earth, Wind & Fire walifanya hivyo mwaka 2005 na Illumination, wakishirikiana na will.i.am, Raphael Saadiq, Big Boi na wengineo, na albamu ikapata uteuzi wa tuzo za Grammy. Isley Brothers walifika mbali zaidi: Body Kiss ya 2003, iliyoandikwa na kutayarishwa karibu yote na R. Kelly, iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza kwenye chati kuu ya Billboard. Kwa hesabu za soko huo ni ushindi usiopingika. Kwa sikio langu, albamu za aina hii ni za prodyuza aliyealika sauti kubwa, na bendi imebaki mgeni kwenye nyumba yake. Sauti ya Ronald Isley, mwimbaji wao, inabeba chochote unachokiweka chini yake, kwa hiyo kwake inafaa. Bendi ambayo uzito wake uko kwenye besi na dramu haipati chochote kwa kupewa midundo iliyopikwa kwenye kompyuta.

Tower of Power ya Oakland imekwepa shimo hili kwa kutovunjika kabisa tangu 1968. Pembe zao zilikodishwa kwa wanamuziki wengine ili mkate upatikane, na bendi ikaendelea kupiga. Haihitaji kurudi kwa sababu haikuondoka.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka London. Cymande iliundwa mwaka 1971 na mpiga gitaa Patrick Patterson na mpiga besi Steve Scipio, vijana waliotoka Karibiani na familia zao. Walichanganya fanki, soul, rege na kalipso kwa utulivu ambao sijausikia kwa bendi nyingine. Marekani iliwapokea: wimbo wao The Message uliingia kwenye chati za huko mwaka 1973, na walizunguka na mwimbaji wa soul Al Green. Nyumbani Uingereza hawakupewa nafasi, na katikati ya muongo wakaacha. Patterson na Scipio wakasomea sheria na kuwa wanasheria. Wakati huo muziki wao ulisafiri bila wao. Kundi la hip hop la De La Soul lilichukua kipande cha wimbo wao Bra mwaka 1989, na wenzao wa Fugees wakachukua cha Dove kwa ajili ya The Score mwaka 1996.

Walirudi na A Simple Act of Faith mwaka 2015, kisha Renascence Januari 2025. Hii ya pili ndiyo ya kusikiliza. Patterson na Scipio wako katikati, na wageni, akiwamo mwimbaji Celeste, wanaingia pale tu wimbo unapowahitaji. Mwendo ni ule ule wa taratibu: besi haikimbilii noti inayofuata, na gitaa linakaa kando yake. Nadhani kazi yao ya sheria iliwasaidia pia. Hawakuwa wakisubiri albamu iwalipie nyumba, hivyo waliweza kukataa kuharakishwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wahangaike na albamu ilhali kipato kiko kwenye shoo, na kwenye shoo watu wanataka vibao vya zamani, mwimbaji akisema "huu ni mpya" wao wanaelekea kaunta. Ni kweli. Lakini nyimbo za zamani zinaweza kupigwa na mtu yeyote hodari aliyezikariri. Wimbo mpya hauna rekodi ya kuiga, kwa hiyo lazima wapigaji waliopo wakubaliane upya nani anaingia wapi na nani ananyamaza. Kazi hiyo ya chumbani ndiyo inayoonyesha kama kundi bado ni kundi au limebaki jina lenye waajiriwa. Ndiyo maana, likitoka tangazo la bendi kongwe kurudi, mimi hutafuta kwanza nani kapiga besi na nani kapiga dramu, na kama walirekodi pamoja chumba kimoja au kila mmoja alituma sehemu yake.

Sly Stone alifariki tarehe 9 Juni 2025 akiwa na miaka 82. Mwezi uliofuata ilitoka albamu iitwayo The First Family: Live at Winchester Cathedral 1967, iliyonaswa Machi 1967 katika klabu moja mjini Redwood City, California, kabla bendi haijatoa albamu yake ya kwanza. Nyimbo karibu zote humo ni za watu wengine, na jina la bendi lilikuwa halijafika popote nje ya eneo lile. Wanaosikika ni Sly, Freddie, Cynthia, mpuliza saksafoni Jerry Martini, Larry Graham na Greg Errico, na tayari Graham na Errico wanaachiana nafasi.